Mjadala: Wimbo wa kale ukipigwa upya, jina la mtunzi liwe la nani?

Wadau, kila nikisikia "Red River Rock" ya Johnny and the Hurricanes nafurahi, halafu naumia. Ni kibao cha 1959, ala tupu, hakuna anayeimba. Kilifika tano bora Marekani na tatu bora Uingereza. Waliokipiga walikuwa vijana wadogo wa Toledo, Ohio: Johnny Paris kwenye saksafoni, Paul Tesluk kwenye kinanda, Dave Yorko kwenye gitaa, na wenzao. Walikuwa wamekwenda Detroit kumpigia muziki mwimbaji aliyekuwa anajaribiwa. Mwimbaji akaachwa, wapigaji wakachukuliwa.

Waliowachukua ni mameneja Harry Balk na Irving Micahnik. Melodi yenyewe ni ya "Red River Valley", wimbo wa kienyeji usio na mwenyewe. Lakini ukisoma santuri, miongoni mwa watunzi utakuta King na Mack. Ni akina nani? Ni Balk na Micahnik wenyewe, kwa majina ya bandia.

Kuna watakaosema jina tu, lina ubaya gani? Ubaya uko kwenye sheria. Marekani, kituo cha redio kinapopiga santuri, anayelipwa ni mtunzi na mchapishaji wake. Aliyepuliza saksafoni hapati hata senti kwa huko kupigwa redioni, na hali iko hivyo mpaka leo. Kwa hiyo yale maandishi madogo chini ya jina la wimbo ndiyo yanayoamua nani aendelee kulipwa miaka na miaka. Hapa aliyechumia juani siye aliyelia kivulini.

Wanaowatetea mameneja wana hoja, na siidharau: wimbo usio na mwenyewe ni halali kwa yeyote, na kuchagua melodi ambayo kila mtu anaijua tangu utoto ni akili ya biashara. Baada ya hapo bendi ilitoa "Reveille Rock", kutoka kwenye mlio wa tarumbeta la kuamshia askari, kisha "Beatnik Fly" mwaka 1960, kutoka wimbo mwingine wa zamani. Zote zilipendwa. Sawa.

Ila melodi ya kale walikuwa nayo watu wote. Kilichouza santuri ni ule mkwaruzo wa saksafoni ya Paris na kile kinanda cha Tesluk kinachojibizana nayo. Ondoa hivyo viwili, unabaki na wimbo ambao bibi yeyote wa Ohio angeweza kuuimba jikoni bila kumlipa mtu.

Linganisha na The Ventures, bendi nyingine ya Marekani, kutoka Tacoma. Mwaka 1960 walifika namba 2 Marekani na "Walk, Don't Run", utunzi wa mpiga gitaa wa jazz, Johnny Smith, wa mwaka 1954. Waliubadilisha sana, lakini jina la mtunzi likabaki la Smith. Hapo sina kinyongo na mtu.

Basi mnaosema Balk na Micahnik walistahili, nijibuni hili moja, maana sijapata jibu la kuniridhisha: kama kazi ilikuwa yao kwa haki, kwa nini hawakuandika majina yao halisi?