AMENIRUSHIA SENTI YA 1804 KAMA REFA ANARUSHA SHILINGI!!!

Wakuu, nimetoka maonesho ya sarafu sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mzee wa meza ya kona, mnamjua, msinilazimishe kumtaja. AMENIRUSHIA SENTI. Kwa kidole gumba! Senti aliyoniuzia mwenyewe dola 900 mwezi uliopita!

Aliniuzia kama senti halali ya Marekani ya 1804, ya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Juzi naigeuza chini ya lenzi: pale nyuma, chini ya shada la majani, ambapo 1804 ya kweli ina 1/100 (yaani sehemu ya mia ya dola), peupe. Mgongo ni wa 1820! Usoni ni muhuri (kile chuma cha kugongea sarafu) wa 1803, 3 imechongwa ikawa 4, na kutu ya muhuri imemjaza vipele yule mama wa Uhuru aliyechorwa usoni. Ni zile zilizogongwa mitaani miaka ya 1860 hivi, kwa mihuri iliyotoka kiwandani kama chuma chakavu. Senti hiyo sina ugomvi nayo, hata leo ningeinunua. Ila iuzwe kwa jina lake!

Nimemweleza kwa upole. Ananijibu: "Muhuri ni wa serikali, unalia nini?" Halafu akairusha. Ikadunda, ikabingirika hadi chini ya kiti cha mama wa watu, nikaifuata kwa magoti. Kwa MAGOTI, wakuu! Ukumbi mzima kimya, mpaka Lincoln kwenye senti zake kageuza shingo.

Akairusha!!

Kibubu: Pole mkuu. Mimi kanibambika 1823 yenye mgongo wa 1813, ina nyufa kama kisigino cha kiangazi.

Mpimaji: Dola 900 na hukugeuza nyuma? 1/100 hata bibi yangu anaiona bila miwani.

Mleta uzi: Wewe ulirushiwa? Hukurushiwa. Kaa kimya.

MzeeShaba: Wa kulaumiwa kwa hizi senti za mitaani ni Mickley, fundi piano wa Philadelphia. Alipofariki 1878, serikali ilifuata mihuri kwenye mali zake.

Kibubu: Nani alimwona Mickley akigonga? Kila kitu Mickley!

Mleta uzi: Jamani, KWA KIDOLE GUMBA.

DadaSenti: Afadhali nyie. Shemeji kaniogeshea senti yangu ya 1817 kwa siki na chumvi, imetoka pinki kama ulimi wa paka.

Mpimaji: Siki??? Aliiacha muda gani?

DadaSenti: Usiku kucha.

MzeeShaba: Yesu wangu. Weka picha.