Hivi kimbunga kilichoua watu wengi kuliko vyote Marekani ni Katrina au? Mgeni wangu kanichanganya

Mtu wa Mandara (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Mi napandisha wageni mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, wiki iliyopita nimeshuka na mzee mmoja wa Texas, ana miaka 67 ila miguu anayo kweli. Siku ya pili tukiwa kambi ya Horombo ikashuka mvua, inapiga paa mpaka hamsikilizani mezani, nikamtania nikamwambia mzee hii ndo Katrina yetu. Akaweka kikombe chini wala hakucheka. Akasema Katrina ni mtoto, kwao Galveston mwaka 1900 watu 8,000 walikufa usiku mmoja, na bibi yake mzaa mama alizaliwa na mtu aliyepona usiku huo. Nikabaki nakoroga chai tu.

Nimerudi town nikaingia mtandaoni, kila ninapofungua naona orodha tofauti, huyu anaweka Katrina namba moja, yule Harvey, mwingine Maria. Sasa nauliza, hiyo ya Galveston ni kweli? Na inakuwaje nchi yenye setilaiti na hela zote zile, kimbunga wanakiona kinakuja siku nne kabla, bado watu wanakufa? Alafu sisi wa huku milimani tuko salama au tunajidanganya? Mwenye uelewa anipe, ila matusi jamani tuache.

Chalii wa Sakina

Wale wanavitengeneza wenyewe maabara afu vinawageukia 😂 we endelea na mlima wako mkuu

Mwalimu Mstaafu Njiro

Chalii, mwaka 1900 maabara gani hiyo, hata ndege ilikuwa bado haijaruka.

Mtu wa Mandara, mgeni wako hakukudanganya hata kidogo. Nimefundisha jografia miaka 31 na Galveston nilikuwa naitumia darasani kila mwaka kwa sababu ukishaielewa hiyo umeelewa vimbunga vyote. Ule mji uko kisiwani, na kisiwa chenyewe ni mchanga, sehemu ya juu kabisa ya mji ilikuwa haifiki mita 3 kutoka usawa wa bahari. Jumamosi tarehe 8 Septemba 1900 bahari ikapanda zaidi ya mita 4 na nusu. Hapo piga hesabu mwenyewe, huna pa kukimbilia. Mji ulikuwa na watu kama 38,000, makadirio ya waliokufa yanaanzia 6,000 mpaka 12,000, hiyo 8,000 ndiyo inayotajwa sana, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi hivyo Marekani, si kimbunga tu, hata tetemeko.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mkuu wa ofisi ya hali ya hewa pale mjini alikuwa bwana Isaac Cline, na miaka tisa kabla, 1891, aliandika gazetini kwamba kuogopa kimbunga kuiumiza Galveston ni ndoto za mchana, mji hauhitaji ukuta. Na watabiri wa Cuba, waliokuwa na uzoefu wa hivi vitu kuliko Wamarekani, waliona kimbunga kinaelekea Ghuba ya Mexico lakini wakubwa kule Washington walikuwa wamezuia telegramu zao kwa dharau tu. Usiku ule nyumba ya Cline ilijaza watu kama 50 waliokimbilia kwake kwa kuwa ilikuwa imara. Ikavunjika. Wakapona 18. Mke wake mjamzito alikuwa kati ya waliokufa.

Na kulikuwa na kituo cha yatima cha masista karibu na ufukwe, watoto zaidi ya 90. Masista walichukua kamba za kuanikia nguo wakajifunga viunoni na watoto, kila sista na kundi lake, ili maji yasiwatenganishe. Walipona wavulana watatu tu, walioning'inia kwenye mti. Masista wote kumi walikufa, na kuna waliokutwa bado wamefungwa na watoto wao. Nikifika hapo darasa lilikuwa linakaa kimya bila kuambiwa.

Mama Kilombero

Mwalimu umenitoa machozi na mimi niko dukani na wateja 😭 kamba ya nguo jamani

Binti Kibosho

Naongezea kingine maana huwa kinasahaulika na sababu ya kusahaulika tunaijua. Ziwa Okeechobee, Florida, Septemba 1928. Ziwa kubwa ila halina kina, kusini yake mashamba ya mboga na miwa, limezungushiwa tuta la udongo tu. Upepo wa kimbunga ukayasukuma maji yote upande mmoja, ukishawahi kubeba beseni limejaa ukaliinamisha unaelewa, tuta likakatika usiku. Wamekufa watu wasiopungua 2,500, wengi wao vibarua weusi, baadhi wametoka Bahama kuja kutafuta kazi ya msimu. Kwenye kuzika, majeneza yakaenda kwa wazungu, weusi 674 wakatupwa kaburi moja pale West Palm Beach, na miaka na miaka hakukuwa hata na kibao. Kwahiyo ukiuliza kwanini kila mtu anajua Katrina na hakuna anayejua Okeechobee, ndo hivyo, waliokufa hawakuwa na wa kuwasemea.

Alafu tutenganishe vitu viwili, kuua na kuharibu. Kwa pesa wakubwa ni Katrina wa 2005 na Harvey wa 2017, kila kimoja dola bilioni 125 kwa bei za miaka yao, na ukiileta Katrina kwenye thamani ya sasa inakaribia bilioni 200. Dada yangu anaishi Houston, Harvey alimkuta. Anasema upepo hata haukuwa ishu, kile kitu kilifika pwani afu kikagoma kuondoka, kikakaa siku zinapita kinamwaga tu, kuna sehemu Texas walipima zaidi ya milimita 1,500. Moshi mjini hatupati hizo kwa mwaka mzima! Alinitumia video friji inaelea jikoni imelala chali kama ng'ombe. Alikuwa na bima ya nyumba analipa kila mwezi bila kukosa, kwenda kudai anaambiwa upepo tunalipa, maji yanayotoka chini hatulipi, hiyo ni bima nyingine. Ametumia miaka mitatu kurudisha ile nyumba.

Kijana wa Kijenge

Katrina si walikufa 1,833? Au nayo mtasema ndogo

Mwalimu Mstaafu Njiro

Hiyo 1,833 ndiyo tulizoea, lakini mwaka 2023 kituo chao cha taifa cha vimbunga kilipitia upya hesabu kikashusha hadi 1,392. Bado ni wengi mno kwa karne ya 21. Na New Orleans, mji ulioumizwa sana na Katrina, wengi hawakuuawa na kimbunga chenyewe, waliuawa na kuta za mifereji zilizojengwa vibaya. Kuta ziliachia asubuhi ile ile kimbunga kinapiga, na asilimia 80 ya mji ikaenda chini ya maji. Sehemu kubwa ya mji ule iko chini ya usawa wa bahari kwahiyo maji yakiingia hayana pa kutokea, mpaka uyavute kwa pampu, na pampu nazo zimezama.

Na Maria, Puerto Rico 2017, ni mfano wa aina nyingine. Mwanzoni serikali ilisema wamekufa 64. Walipokuja kuhesabu sawasawa wakafika 2,975. Wengi hawakusombwa na maji, walikufa miezi iliyofuata, wengine kwa kukosa umeme. Mtu anayetegemea mashine ya oksijeni, mgonjwa wa figo, insulini inahitaji friji. Kuna maeneo umeme ulichukua karibu mwaka kurudi.

Kwahiyo jibu la swali lako la setilaiti ni hilo. Setilaiti inakuambia kinakuja. Haikupi gari la kuondokea, wala nauli, wala pa kufikia, na New Orleans kaya nyingi maskini hazikuwa na gari.

Meku wa Uru

Sasa mimi nauliza hili la mwisho maana ndo linanihusu. Huku kwetu kimbunga hakiji, si kweli? Hidaya ya mwaka 2024 nakumbuka ilitangazwa sana mamlaka ya hali ya hewa wakapiga kelele, ikaishia Mafia huko.

Binti Kibosho

Kuja kama kimbunga kamili huku hakiji meku. Kinahitaji bahari ya moto, nyuzi 26 na zaidi, na kinahitaji kuwa mbali kidogo na ikweta ili kipate kuzunguka, kama digrii tano hivi. Sisi tuko digrii tatu na kitu, tena bara. Ila usilale usingizi wa pono. Septemba 2024 Helene ilipiga Florida, watu wa pwani walijiandaa, lakini mji ulioumia sana ni Asheville, North Carolina, mji wa milimani mamia ya kilomita kutoka baharini, watu walikuwa wanahamia kule KUKIMBIA vimbunga. Mvua ilishanyesha kabla udongo umelowa, Helene ikamalizia, mito ikafumuka, milima ikashuka na nyumba. North Carolina peke yake zaidi ya watu 100. Bomba zilikatika, mji ulikaa karibu miezi miwili bila maji safi ya kunywa.

Na Mitch, 1998, kule Honduras na Nicaragua, zaidi ya 11,000, ni mvua tu na udongo. Kuna mlima wa volkano unaitwa Casita, ubavu mmoja ukaanguka ukafunika vijiji.

Mama Kilombero

Hiyo ni Hanang kabisa. Desemba 2023, Katesh, nina shemeji yangu anafanya biashara ya vitunguu kule, anasema asubuhi walisikia mngurumo wakadhani ni lori, kumbe mlima unakuja na magogo na mawe. Zaidi ya 80 walikufa na hakukuwa na kimbunga wala jina la kimbunga.

Chalii wa Sakina

Daah. Kwetu kuna jamaa kajenga ndani ya korongo kabisa, kiangazi anaegesha bodaboda pale pale maji yanapopita. Nimemtumia huu uzi kasema hilo korongo halijapita maji tangu anunue kiwanja. Kanunua mwaka jana 😂

Meku wa Uru

Huyo hapo kwenye kiangazi mwacheni, masika atahama mwenyewe usiku na godoro kichwani.

Mtu wa Mandara (Moshi)

Wakuu asanteni sana, hasa mwalimu na dada wa Kibosho. Nimemtafsiria yule mzee mnachosema nikamtumia WhatsApp, kajibu leo alfajiri. Anasema mwalimu asingesahau kilichofuata. Baada ya kile kimbunga walijenga ukuta wa zege wa mita 5 baharini, afu wakaamua kuinua mji wenyewe. Nyumba zaidi ya 2,000 na makanisa zilinyanyuliwa kwa jeki za kuzungusha kwa mkono, mchanga wa bahari ukapampiwa chini yake, na watu wakaendelea kuishi humo humo wanapita kwenye mbao juu ya matope. Mwaka 1915 kikaja kimbunga kingine kikali, mji ukasimama.

Kanitumia na picha ya nyumba yao ya ukoo. Ngazi za mbele ziko mbili tu, anasema zilikuwa kumi, nane ziko chini ya mchanga. Jumanne napanda tena, nina Wajerumani sita, mvua inasemekana itakuwepo.