Nataka kuwa instrakta wa daivingi, naanzia wapi?

MtotoWaNungwi
Assalaam alaykum wakuu. Mimi kijana wa miaka 23, niko Nungwi, mwaka wa pili huu nafanya kwenye boti ya wageni, nabeba mitungi ya hewa, natia nanga, naenda na watu kisiwa cha Mnemba. Bahari nimekulia, tukivua pweza na baba tangu mdogo na mita 10 nashuka kwa pumzi moja bila wasiwasi. Cheti nilichonacho ni Open Water tu, kile cha mwanzo, daivu 19. Nataka nifike instrakta wa PADI kabisa, wale wanaotoa vyeti vya daivingi. Kuna mtu kaniambia miezi mitatu inatosha, ni kweli? Naombeni msaada

MzeeWaMapovu
Waalaykum salaam mdogo wangu. Miezi mitatu hapana, kozi ya instrakta huingii mpaka utimize miezi 6 tangu upate cheti chako cha kwanza. Sasa hivi chukua Advanced, yaani cheti kinachofuata, halafu Rescue (uokoaji) pamoja na huduma ya kwanza, ndo uende Divemaster (kiongozi wa wazamiaji), hiyo unaanza ukiwa na daivu 40 na kumaliza lazima ziwe 60. Siku ya mtihani wa instrakta uwe na 100 zilizoandikwa, kwahiyo kila ukitoka majini andika, usiseme ntaandika kesho. Na mtihani wenyewe anakuja mtahini wa PADI, si yule aliyekufundisha. Fomu ya daktari nayo utadaiwa.

Ila hapo kwenye pumzi moja ndo nataka tuelewane maana na mimi nimetoka huko huko kwenye pweza. Daivu zangu za mwanzo tuko mita 6 hivi, mwalimu akanishika mkono akanionesha juu ya kichwa changu, naangalia hakuna mapovu, yaani nimebana pumzi na wala sijui, mwili umeshazoea. Ukizama bila mtungi ile hewa umeichukua juu, inabanwa ukishuka na ukipanda inarudi vilevile. Ya mtungi unaivuta huko huko chini, mita 10 presha ni mara mbili ya juu, sasa ukiibana ukapanda nayo inataka nafasi mara mbili na pafu halina hiyo nafasi, linachanika. Mtu anaweza kufa kwenye maji ya kina kidogo tu. Mimi ilinichukua wiki nzima kuiacha ile tabia, nilikuwa navuma kooni njia nzima nikipanda ili hewa itoke. Anza na hilo kabla ya yote tafadhali

Shimoni_Diver
Mzee amesema kweli. Mimi niko Kenya, naongeza tu kwamba kuzamia na kufundisha ni vitu viwili, nilikuwa na mama mmoja mgeni kila maji yakiingia kwenye miwani anataka kukimbilia juu, tulikaa naye maji ya kiunoni karibu saa nzima, anaingiza maji kidogo anayatoa kwa pua, kidogo anatoa, mpaka akaweza mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi bro. Alafu soma Kiingereza cha kuelezea fizikia, si cha kusalimia, mtihani wa nadharia una sehemu tano na kila moja unataka asilimia 75. Masika boti zikilala ndio wakati wa kitabu.

Na wakikwambia fanya kazi bure tutakulipia Divemaster, iandikwe na isainiwe. Mimi nilibeba mitungi miezi minane mahali fulani, cheti sikupata.

BintiMafia
Usisahau kuogelea, Divemaster kuna mita 400 bila kusimama na bila mapezi ya miguuni, na dakika 15 za kuelea. Wengi wa pwani tunajua kuzamia ila mita 400 mfululizo hatujawahi. Dada zangu mnaosoma hapa na nyie mnaweza, mimi nilianza na mita 50 nachoka hoi.

MtotoWaNungwi
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mzee hilo la mapovu limenishtua, leo nimemuomba mwenzangu aniangalie tukiwa chini, kasema mara mbili nilikata pumzi nilipomuona kasa. Kesho tunarudi tena

MzeeWaMapovu
Vizuri sana. Mwambie akugonge kwenye mtungi kila akiona mapovu yamekatika.