Nimeungua mkono na dawa ya oveni kazini, meneja anasema nijitibu

Binti_wa_Sinki: Wakuu, naomba msaada. Naosha vyombo na kusafisha jiko kwenye mgahawa hapa Dar, natimiza mwaka wa pili. Jumamosi usiku nilikuwa nasugua oveni. Ile dawa ya mafuta huja kwenye dumu la lita 20, sisi tunapimiwa kwenye chupa za maji ya kunywa zisizo na maandishi yoyote. Glavu ni fupi, dawa ikaingilia juu ikatuama kwenye kiganja. Haikuuma. Niliona tu mkono unateleza kama una sabuni, nikamalizia kazi. Kuvua glavu, ngozi nyeupe, imelainika kama muhogo uliolowekwa. Mpishi akanipaka dawa ya meno. Leo siku ya tano, kidonda kinatoa maji na vidole viwili havikunji. Meneja anasema nilijimwagia mwenyewe. Nalipwa kwa siku, sina mkataba. Nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu: Pole sana mdogo wangu. Kule kuteleza ndiko kuungua kwenyewe. Dawa nyingi za oveni zina soda kali (ile "caustic soda", si ya kunywa), inageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni na inazidi kuchimba hata kama husikii maumivu. Siku nyingine vua glavu hapo hapo, mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Si dawa ya meno, si siki. Vidole kutokunja nenda hospitali leo hii, na umwombe daktari aandike kwamba umeungulia kazini.

Mzee_wa_Jikoni: Dada, kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayechangia ni mwajiri peke yake, na hata ikiwa mkono ulikuteleza, hilo halikunyimi fidia. Mpe taarifa kwa maandishi. Akishaipata ana siku 7 za kazi kuifikisha WCF. Usikae kimya, ikipita miezi 12 bila taarifa haki inapotea. Na asikutishe na mkataba, nenda ofisini kwao mwenyewe uulize. Piga picha ile chupa. Chupa hizo zinaniumiza roho: kuna kijana wetu alimimina jiki kwenye ndoo yenye dawa ya kung'arishia choo, akidhani ni maji. Ikatoka gesi ya klorini, ni sumu, tukamburuta nje hawezi kuvuta pumzi.

Binti_wa_Sinki: Asanteni sana. Nimetoka hospitali, kidonda kimesafishwa, cheti kimeandikwa "kemikali, kazini". Nimemtumia meneja taarifa WhatsApp pamoja na picha ya chupa. Ameisoma saa nane mchana, hajajibu. Kesho asubuhi naenda WCF.