Hili neno "charge" litanifukuzisha kazi, naombeni msaada wakuu

Binti_Pangani
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri na naomba msinicheke sana japo najua mtacheka tu. Mimi ni weita kwenye hoteli moja huku Nungwi, nina mwezi wa pili, kingereza changu ni kile cha fom foo, nikikisoma nakielewa ila nikikisikia kinanipita kama daladala iliyojaa.

Sasa Jumanne kuna mzee mmoja mgeni alikua anakula pembeni ya bwawa, kala pweza na chipsi, kanywa bia mbili na juisi ya ukwaju, bili ikaja 78,000. Nikamuwekea mezani, na simu yake ilikua juu ya hiyo bili, kioo cheusi tii, imezima. Akanyoosha kidole akasema "just charge it to my room, two fourteen". Nikasema "yes sir", nikabeba simu. Nikamuomba dada wa usafi anifungulie 214, nikaichomeka pale pembeni ya kitanda, nikashuka zangu nimefurahi nasubiri tipu. Narudi namkuta mzee kapiga magoti anapekua chini ya viti, taulo begani, uso umekua mwekundu kama kamba wa kuchemsha, anauliza "who is in charge here?" Na mimi bila hata kufikiria nikamjibu "upstairs sir, in your room".

Basi supavaiza akaja, simu ikarudi, mzee mwenyewe akaishia kucheka. Ila kwa ile pata shika bili ikasahaulika kuingizwa kwenye chumba chake, Alhamisi alfajiri akaondoka na boti, na sasa naambiwa 78,000 itakatwa kwenye mshahara wangu. Nimefungua kamusi nione hilo neno, maana zimejaa safu nzima nikaifunga. Hivi nyie mlizikariri vipi hizi? Na hiyo hela nifanyeje?

Mzee_wa_Gongo_la_Mboto
"Upstairs sir" hahahaa nipo kwenye mwendokasi watu wananiangalia. Pole lakini dada angu, endelea hivyo hivyo, wengine humu hata hiyo "yes sir" ingetushinda.

Kaunta_Arusha
Mdogo wangu pole, nimekaa keshia wa hoteli miaka tisa, hayo tumeyapitia wote ila hatusemi. Tuanze na hela kwanza maneno baadae.

Mgeni akisema "charge it to my room" maana yake hataki kulipa sasa hivi, andika kwenye deni la chumba atalipa akiondoka. Wewe unamrudishia bili aandike namba ya chumba, jina na SAINI, halafu unaipeleka kwa keshia aiposti. Usiiache mfukoni eti utaiposti baadae. Na kabla hujakubali uliza keshia kama huyo mgeni anaruhusiwa, maana kuna wanaokuja kupitia wakala, wakala kalipia kitanda na chai ya asubuhi tu, vinywaji anatakiwa kulipa mwenyewe palepale.

Sasa kuhusu hiyo 78,000, usikubali kukatwa kabla hawajajaribu kitu kinaitwa "late charge". Hilo ni deni linaloonekana mgeni akiwa keshaondoka. Watu wa mapokezi mara nyingi wanabaki na kadi yake au imeili yake, wanamtumia bili na maelezo kidogo. Mzee ambaye alicheka sidhani kama atakataa kulipa pweza aliyemla mwenyewe. Nenda kesho asubuhi, ongea na mkuu wa mapokezi kwa adabu, taja hilo neno hivyo hivyo "late charge", ataelewa.

Nesi_Rocky_City
Huku wodini hilo neno linatutesa na ndugu zake. Kwanza "in-charge" kwetu ni cheo kabisa, ukisikia "inchaji anakuita" unaweka chai chini. Kwenye makaratasi ya Kiswahili tunaandika mganga mfawidhi, ila mdomoni ni inchaji tu. Halafu kuna "discharge". Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani ni discharge, na uchafu unaotoka kwenye kidonda au sehemu za siri nao ni discharge. Kuna mwaka alikuja daktari wa kujitolea kutoka nje, akamuuliza mama mmoja wodi ya wazazi "any discharge?" yule mama akajibu kwa huzuni kabisa "not yet doctor, my husband is still looking for money". Mimi ndo nilikua mkalimani nikabaki naangalia dari.

KaskaziniGuide
Dada huko baharini una bahati, kwetu hilo neno linakuja na pembe. Tembo au mbogo akikukimbilia kwa hasira ndo "charge". Na kuna "mock charge", hiyo ni ya kutishia tu. Tembo wa kutishia mara nyingi anatanua masikio, anapiga kelele, anatimua vumbi halafu anasimama. Ukiona masikio kayabana nyuma na mkonga kaukunja chini, kimya, hapo wageni wote waambie wakae na wewe ujue gari inatoka vipi. Kuna mgeni siku moja tupo njiani kuelekea Ngorongoro aliniuliza "do they charge here?" nikamuelezea habari ya mbogo dakika kumi nzima, kumbe alikua anaulizia choo cha kulipia.

Wakili_Mtoro
Hapa Mombasa tunaijua kwa upande mbaya. Kuna familia naifahamu, kijana wao yuko Uingereza, siku moja katuma ujumbe kwa kina mamake: "I have been charged." Mamake akamjibu "pole mwanangu, wamekucharge pesa ngapi?" Wakaanza kuchanga, wajua sisi wapwani na michango, mpaka mjomba mmoja akauliza wamlipe nani, ndipo ikajulikana kijana ameshtakiwa na polisi, anatakiwa kortini. Kwa hivyo dadangu angalia neno linalofuata. Charged FOR kitu, hapo ni pesa. Charged WITH kitu, hapo tafuta wakili. Charged peke yake bila mkia, uliza kwanza kabla hujachanga.

Mwl_Kibogoyo
Hapo wakili kagusa penyewe. Binti usikariri maana, utachoka. Hilo neno lilitoka Kilatini likapita Kifaransa ndo likafika Uingereza, na asili yake ni kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa, ndo maana "cargo" ni ndugu yake wa damu, na "car" pia. Sasa wewe mtoto wa Pangani unalijua neno KUTWIKA? Basi kila ukisikia charge, jiulize nani katwikwa nini. Chumba kimetwikwa deni. Mshtakiwa katwikwa kosa. Mkubwa wa kazi katwikwa majukumu, huyo ndo in charge. Bunduki za zamani za kushindilia zilitwikwa baruti, na kiasi hicho cha baruti kinaitwa charge mpaka leo. Huko Marekani kwenye miaka ya 1740 Benjamin Franklin alipokua anachezea umeme akatumia neno hilohilo, kitu kimejazwa umeme kama bunduki inavyojazwa baruti, na chaji chanya na chaji hasi tulizosoma kwenye fizikia ni istilahi zake. Simu yako imetwikwa umeme, basi. Na "discharge" ya nesi ni kutua mzigo, iwe mgonjwa anatuliwa na hospitali au kidonda kinatua usaha.

Ila kuna mtego mmoja mdogo. "She is in charge of the children" ni yeye mkubwa. "She is in THE charge of her aunt" hapo yeye ndo mzigo, shangazi ndo mbebaji. Kineno "the" kimegeuza kila kitu.

Bishoo_Tandale
Mwalimu na mbogo wa KaskaziniGuide je, katwikwa nini?

KaskaziniGuide
Mbogo hajatwikwa, anakuja kukutwika wewe.

Sauti_ya_Chini
Me sikubaliani na mwalimu, dada yupo na trei mkononi, mgeni anaongea kwa lafudhi ya Glasgow na muziki juu, saa ngapi anawaza mambo ya magari ya Kilatini? Dawa ni kurudia tu alichosema mgeni kwa maneno mengine. "So I put the bill on room 214, yes?" Akisema yes umemaliza. Akisema no unaomba radhi hapo hapo kabla hujapanda ngazi. Na tuache kujionea aibu, mbona hata sisi kwenye Kiswahili chaji ni hivyo hivyo, fundi "kanichaji elfu kumi" kubadilisha mlango wa chaji, sentensi moja chaji mbili na hakuna aliyepotea. Mzungu anayejifunza Kiswahili akikutana na piga pasi, piga simu, piga mswaki, piga chini si anaomba polisi?

Kaunta_Arusha
Sauti ya Chini uko sahihi kwenye kurudia, ila ya mwalimu nimeipenda, nimeielewa leo baada ya miaka tisa. Binti ukikutana na "service charge" chini ya bili hiyo siyo tipu yako, usije ukaanza kuihesabu. "No charge" ni bure. Mengine yatakuja yenyewe.

Binti_Pangani
Wakuu nimerudi, samahani nilikua zamu ya usiku mfululizo. Nilienda kwa mkuu wa mapokezi nikasema "late charge", akaniangalia juu mpaka chini akauliza nani kakufundisha, nikasema ndugu zangu wa mtandaoni. Wakamuandikia mzee imeili. Kajibu siku ya tatu, katoa hela yote na kaandika kwamba simu yake haijawahi kujaa vizuri kama siku ile. Mshahara wangu haujaguswa, Kaunta_Arusha Mungu akuweke.

Halafu jana usiku mama mmoja mgeni kamaliza chakula, bili mkono huu, mkono wa pili simu na waya wake, ananiambia "could you charge this for me please?" Moyo ukapiga paa. Nikakumbuka ya kurudia, nikamuuliza "to the room or to the socket, madam?" Akacheka mpaka akaweka mkono kifuani, akanipa vyote viwili. Saini nimechukua kwanza.