Faida 12,600 kwa siku, marejesho 12,000. Nifanyeje?

mamantilie_ihumwa

Mbukwenyi ndugu zangu.

Mimi ni mama ntilie, napikia mafundi wa ujenzi huku Ihumwa, Dodoma, njia ya kwenda Mtumba. Nilianza 2019, wakati wizara zimeshahamia na kila ukigeuka unakuta saiti mpya. Kabla ya hapo nilikuwa nauza zabibu kwenye beseni, kazi ya msimu, zabibu zikiisha na wewe umeisha.

Nawawekea hesabu ya Jumanne kama ilivyo kwenye daftari. Mchele kilo 4, 10,000. Sembe kilo 4, 6,400. Maharage kilo 2, 6,000. Nyama kilo moja na nusu, 16,500. Nyanya, vitunguu, mafuta, chumvi na mchicha, 8,000. Mkaa 4,500. Maji madumu sita kwa 500, kwa sababu nilipo hakuna bomba, 3,000. Nauli yangu na ya mzigo kutoka Soko la Majengo, 4,000. Binti anayenisaidia kuosha vyombo, 5,000. Jumla 63,400. Nimepakua sahani 38 kwa 2,000, ni 76,000. Inabaki 12,600.

Sasa nina mkopo wa kausha damu, hii ya mtaani ya kurejesha kila siku. Nilichukua 300,000, wakakata 15,000 ya fomu, nikaondoka na 285,000. Narejesha 12,000 kila siku kwa siku 30, na Jumapili imo, wakati Jumapili saiti imefungwa. Leo ni siku ya nne. Na huu ni wa pili, wa kwanza niliumaliza asubuhi nikachukua huu mchana. Ikifika saa kumi sijalipa, yule kijana wao anakuja kukaa kwenye benchi langu bila kusema neno, na wateja wote wanajua amekaa pale kwa nini.

Kwa hiyo mshahara wangu kwa siku ni shilingi 600. Shoga yangu ananishauri nichukue wa 500,000, nilipe huu, ninaobaki nao ninunue friji ya soda. Mwingine anasema nisubiri mkopo wa halmashauri. Nifanye lipi? Msiniambie niache biashara. Nina watoto watatu, wa kwanza yuko kidato cha pili.

boda_nkuhungu

Shikamoo mama. Usithubutu huo wa 500,000. Mimi nilikopa nibadilishe tairi na mnyororo, nikaishia kuuza redio na kitanda. Tairi lenyewe limeshaisha, kumbukumbu ya deni bado.

zamani_afisa_mikopo

Dada, nimefanya kazi ya kukopesha miaka sita, siku hizi nalima alizeti Kongwa na nalala usingizi. Nikuonyeshe vitu viwili.

Cha kwanza, riba. Umepewa 300,000, unarudisha 360,000. Watu wanasema hiyo ni asilimia 20 kwa mwezi. Si kweli, ni zaidi. Unaanza kurejesha kesho yake, kwa hiyo ukichukua wastani wa mwezi mzima unakuwa umeshika kama 150,000 tu ya pesa yao. Riba ya 60,000 juu ya 150,000 ni asilimia 40, na fomu sijaigusa. Benki Kuu (BoT) imewawekea wakopeshaji wadogo waliosajiliwa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Waombe leseni uone kama wanayo.

Cha pili, na hapa ndipo nataka unijibu kweli. Kwenye hizo sahani 38, ngapi zililipwa siku hiyohiyo?

mamantilie_ihumwa

Kaka umenigusa pabaya. Siku hiyo 25 walilipa, 13 niliandika. Mafundi wanalipwa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo wanakula, siku ya malipo tunakutana. Saiti iliyopita iliisha ghafla, watu wakapanda gari kwenda Singida na Tabora, kwenye daftari ikabaki 214,000. Mmoja nilimpigia akaniuliza "Mama yupi?" Amekula kwangu miezi mitano, tena alikuwa anapenda ukoko.

zamani_afisa_mikopo

Basi hesabu imetoka. Sahani 13 kwa 2,000 ni 26,000 kwa siku. Kwa siku 12 za kazi, ni 312,000. Umekopa 300,000. Unaona?

Mtaji wako haujapungua hata kidogo, umelala kwenye matumbo ya watu. Taslimu unayoingiza ni 50,000, matumizi 63,400, kila siku una pengo la 13,400, na pengo hilo ndilo unaloliziba kwa kausha damu. Yaani mkandarasi anachelewa kulipa vibarua, wewe unamlishia vibarua wake, na riba ya ucheleweshaji wake unailipa wewe. Friji ya soda haitaziba hilo. Watakopa na soda.

fundi_zege

Nasema kama mlaji. Msituone wezi wote. Sisi tunamwaga zege Jumatatu, karani anasema malipo Jumamosi, Jumamosi anasema mkandarasi anasubiri alipwe pesa ya hatua ya ujenzi. Tumbo halisubiri hatua. Bila mama ntilie wa kukopesha hakuna ghorofa lingesimama Dodoma hii, nawaambia.

Lakini nikupe siri ya saiti, mama. Siku ya malipo fundi ana hela mpaka saa mbili usiku. Jumatatu hana. Ukimdai Jumatatu unapoteza muda. Mkamate Jumamosi, na usimdai tu ya nyuma, muuzie wiki inayokuja. Kuna mama mmoja kule Nala alikuwa anatuuzia vikadi vya chakula, kadi moja sahani moja, sita kwa bei ya pungufu kidogo. Nilikuwa navinunua mwenyewe ili nisinywe hela ya chakula.

mwanakikundi_kizota

Kuhusu halmashauri, dada. Ile ni asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mnatakiwa kikundi kilichosajiliwa, msipungue watano, katiba, akaunti ya benki, na mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwetu ilichukua miezi saba, kwa hiyo si dawa ya wiki hii.

Tulipata, tukanunua masufuria makubwa na mahema ya kukodisha. Mwenzetu mmoja akaondoka na sehemu yake akahamia mkoa mwingine, tukalipa wanne deni la watano. Mkianza, anza na watu ambao hata mama zao unawajua.

cherehani_chamwino

Mimi nashona sare za shule, kata ya Chamwino hapa mjini. Nimefurahi kuona mama ana daftari, kwa sababu wengi tunaweka hesabu kichwani. Kwa viwango vya kodi vilivyowekwa 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alikuwa analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mauzo yangu yalikuwa milioni 5 na nusu, nikalipa 45,000. Daftari nililinunua 1,500.

mamantilie_ihumwa

Asante fundi cherehani, ila hapo kwenye mauzo pana jambo linaniumiza siku zote. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000, kilichoanza mwishoni mwa 2018, kilikuwa cha mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku. Haifiki 11,000. Kwangu ni sahani tano! Mama ntilie gani anawasha jiko kwa sahani tano? Wanaopanga wanaona 76,000 inaingia, hawaoni 63,400 ikitoka. Haya, nimesema, narudi kwenye sufuria.

zamani_afisa_mikopo

Wazo la vikadi la fundi zege lina akili kuliko mikopo yote niliyowahi kuandika. Mteja ndiye anakukopesha, tena bila riba. Kule India, mjini Ahmedabad, kuna chama cha wanawake waliojiajiri kinaitwa SEWA, Ela Bhatt alikianzisha 1972. Wachuuzi wa mboga, wabeba mizigo, mafundi wa majumbani, watu kama ninyi. Walichoka na wakopeshaji wa mtaani, na 1974 wanawake 4,000 wakachanga rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao wenyewe. Ninyi mama ntilie mko wangapi hapo?

mamantilie_ihumwa

Sita, na tunagombania kivuli cha mbuyu mmoja. Benki baadaye.

mamantilie_ihumwa

Nimerudi, zimepita wiki tatu. Mlitaka kujua.

Nilikwenda kwanza kwa fomani, nikamwomba akate madeni yangu kwenye malipo ya vibarua. Akakataa, hataki ugomvi na watu wake. Ila akaniruhusu nisimame karibu na meza ya karani Jumamosi. Nikakata kadibodi za boksi la sabuni, nikaandika jina langu na tarehe, kadi sita kwa 11,000 badala ya 12,000. Jumamosi ya kwanza walinunua tisa. 99,000 mkononi, chakula hata sijapika! Sikuzoea, nilitembea nayo nimeishika kama yai.

Nikanunua gunia la mkaa kwa 55,000 badala ya kupimiwa kwa ndoo. Limenipeleka siku 16, na kwa ndoo siku 16 zingekula 72,000. Hiyo 17,000 ndiyo imefidia ile 1,000 ninayowapunguzia, na imebaki.

Haikuwa yote asali. Nimesema anayetaka kuandikwa aandikwe, lakini mwisho sahani tatu, ya nne hapana. Wanne wakahama kwenda kwa mwenzangu wa upande wa pili wa mbuyu ambaye bado anaandika. Sahani zimeshuka kutoka 38 hadi 31, na baadhi ya siku napika nyama kilo moja tu. Na wiki ya pili kijana mmoja akakata kadibodi yake nyumbani, akaiga mwandiko wangu, akala siku mbili. Nilimjua kwa sababu aliandika "Ihumwa" kwa herufi nzuri kuliko zangu. Nikampelekea cherehani_chamwino kadi zote, akanipigia mshono wa uzi mwekundu pembeni, bei akakataa. Kijana mwenyewe anakula kwangu bado, analipa.

Ya zamani, 214,000, nimepata 38,000. Yule wa "Mama yupi" ametuma 10,000 bila ujumbe wowote.

Kausha damu nimebakiza siku tano. Kijana wao alikuja jana kunipongeza kuwa mimi ni mteja mzuri, nimepandishwa naweza kupata 600,000. Nikamuwekea ugali na mlenda, akala, akalipa 2,000 yake.

Sasa naomba kingine. Mvua za Desemba hazipo mbali na turubai langu lina matundu, wateja wanahama na sahani mkononi. Anayejua mahali wanapouza turubai la lori lililotumika, mita sita kwa sita, anielekeze. Nalipa taslimu.