Matone, kisahani au chupa kwa michungwa 112? Na mbolea iende wapi?

Mchungwa_Ngora
Wakulima wenzangu, hamjambo. Nina ekari moja hapa Ngora, Teso, mashariki mwa Uganda, nafasi ya mita 6 kwa 6. Jana nimehesabu michungwa 112, ilikuwa 113 lakini mbuzi wa jirani ana kesi yake ya siku nyingine. Mingi ni Valencia, michache Hamlin na Washington Navel, yote imebebeshwa kwenye shina la mlimau. Imetimiza miaka 3.

Kuanzia Desemba mpaka Machi majani yanajikunja na vitunda vinapukutika vikiwa kama punje za mahindi. Sasa nimechoka kuangalia mawingu. Nalinganisha njia tatu: mipira ya matone yenye tangi la lita 1,000 na pampu ya sola, visahani, yaani tuta la duara kuzunguka mti, nimwage maji kwa jerikeni, au chupa za plastiki zilizotobolewa.

Na mbolea je? Kaka yangu anasema NPK 17:17:17, ile ya dukani yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, mama anasema kinyesi cha ng'ombe kinatosha, mengine ni kutajirisha maduka.

Fundi_Sola
Ndugu, anza na hesabu ya maji kabla ya hesabu ya pesa. Kiangazi kikali jua na upepo hunyonya kama milimita 5 kwa siku. Mti wako wenye kivuli cha upana wa mita 2 hutumia kama theluthi mbili ya hayo, takriban lita 10 kwa siku. Mara 112 ni lita 1,120. Leo tangi lako linakaribia kutosha. Kivuli kikifika mita 4, mti mmoja unataka lita 40, yaani shamba zima lita 4,480. Kwa hiyo kisima ndicho kitakachoamua. Kipime mwishoni mwa Februari, si Mei.

Kingine ambacho muuzaji hatakwambia: kitoneshi, kile kitundu kinachodondosha maji kwenye mpira, kilichoandikwa lita 4 kwa saa kimepimwa kwenye shinikizo la baa 1. Tangi likiwa kwenye jukwaa la mita 2 unapata baa 0.2 tu, kitoneshi kilekile kitakupa chini kidogo ya lita 2. Kinga chupa ya nusu lita chini ya kitoneshi cha kwanza, nyingine chini ya cha mwisho. Ya kwanza ikijaa kwa robo saa na ya mwisho bado iko nusu, mstari ni mrefu mno. Ugawe shamba vipande viwili au vitatu, umwagilie kwa zamu.

Mimi niko upande wa matone, sifichi. Ila bila chujio usinunue. Mimi mwenyewe niliuziwa seti nzima bila chujio, maji ya kisima yana chuma, mwezi wa pili vitoneshi vimeziba kwa uji mwekundu. Nilikaa na pini kama fundi cherehani.

Kijana_Busia
Chupa nilijaribu kwenye miche 30. Mwaka wa kwanza zinafaa sana: unafukia chupa ya lita moja na nusu karibu na mche, unajaza kila siku mbili. Kwa mti wa miaka 3 ni kumpa ng'ombe maji kwa kijiko. Halafu watoto wanazing'oa.

Shangazi_Serere
Mwanangu wa Ngora, matone ni mazuri kwa mwenye subira ya kusafisha. Mimi nina miti 60, natumia visahani mwaka wa saba sasa, na maji yanaletwa na baiskeli, jerikeni 4 kwa safari. Kwa hesabu ya Fundi wewe ungehitaji jerikeni 56 kwa siku, safari 14. Nani atapiga hizo safari? Kama una vijana nyumbani, sawa. Kama huna, usijidanganye.

Lakini watu wengi wanachimba kisahani vibaya. Wanaacha maji yatuame kwenye shina lenyewe. Shina la mlimau linavumilia ukame, ndiyo sababu tunalipenda, ila likilowa shingoni linaoza upesi. Unaona gome linapasuka karibu na udongo, gundi ya rangi ya asali inatoka, majani yanageuka njano upande mmoja, na mwenye shamba anasema mti una njaa, anauongezea mbolea! Chimba duara mbili. Ya ndani iinue kama kichuguu kidogo kuzunguka shina, ibaki kavu. Ya nje iwe pale kivuli cha majani kinapoishia saa sita mchana. Maji yakae katikati ya duara hizo, maana mizizi inayokula iko huko juujuu.

Matandazo weka, nyasi au maganda ya karanga, ila yaache viganja viwili kutoka shinani. Sisi wa Teso tunawajua mchwa.

Mwalimu_Tororo
Shangazi kamaliza la maji, nami nije kwenye mbolea. Kaka na mama wote wana haki, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Gunia la kilo 50 la yurea lina kilo 23 za nitrojeni. CAN, ile mbolea ya nitrojeni yenye chokaa, kama 13.5. NPK 17:17:17, kilo 8.5 tu, ila humo mna fosforasi na potasiamu pia. Mti wa umri huo mimi naupa gramu 150 za nitrojeni kwa mwaka: ni yurea gramu 326, au CAN kama 555, au NPK 882. Nagawa mara mbili, mvua za Machi zikishatulia na tena Agosti. Mti ukianza kuzaa kwa wingi usiutegemeze kwa yurea peke yake. Machungwa huondoka shambani na potasiamu nyingi, na nitrojeni ikizidi unapata ganda nene na juisi kidogo.

Samadi ya mama ndiyo inayoshika maji kwenye mchanga wenu. Debe mbili kwa mti, iwe imeoza mpaka haina harufu. Ya kuku mbichi itaunguza mizizi.

Yurea usiiache juu ya udongo wenye joto, inapaa hewani. Fukia, au mwagilia papo hapo.

Fundi_Sola
Na hapo ndipo matone yanapomshinda kisahani, Mwalimu. Yurea inayeyuka yote, unaipitisha kwenye tangi, kila mti unapata sehemu yake. DAP, ile mbolea ya fosforasi ya kupandia, msithubutu. Kwenye maji magumu inaganda ndani ya mipira.

Mwalimu_Tororo
Nakubali, kwa mwenye chujio. Kwa asiye nalo umempa njia ya haraka zaidi ya kuziba.

Mchungwa_Ngora
Asanteni. Swali moja: majani machanga yangu ni madogo, membamba, njano katikati ya mishipa. Nitrojeni?

Mwalimu_Tororo
Nitrojeni ikipungua jani lote hufifia, tena huanza la zamani. Hayo yako yanafanana na upungufu wa zinki. Nyunyizia zinki majani yakishatanuka. Magnesiamu nayo huonekana kwenye majani ya zamani, kunabaki V ya kijani iliyopinduka karibu na kikonyo. Lakini kwanza kunja jani katikati. Madoa yakifanana pande zote mbili, ni lishe. Yasipofanana, simama: kuna ugonjwa unaoenezwa na vidudu wanaonyonya majani, huo hauna mbolea. Mwite bwana shamba auone.

Shangazi_Serere
Na shingo za miti umeziangalia?

Mchungwa_Ngora
Nimetoka huko sasa hivi, Shangazi. Madoa ya majani yanafanana pande zote. Ila miti 9 ina gundi, yote upande wa chini ambako maji ya mvua husimama. Udongo umefunika mpaka pale ilipobebeshwa.

Shangazi_Serere
Acha habari za pampu kwa leo. Ondoa udongo kwa mkono, jembe litachubua, mpaka uone kiungo cha kubebeshea na mizizi ya kwanza ianze kujitokeza. Chimba mfereji mdogo maji yatoroke. Hiyo 9 usiipe mbolea wala maji mpaka gome likauke. Halafu nipigie picha ule wenye gundi nyingi kuliko yote.

Mchungwa_Ngora
Sawa Shangazi. Watoto wanarudi kutoka shule saa kumi, tutaanza na ule wa pembeni.